Mama Tuliyempakia Rodi

Mume wa binti yangu na mimi tuliishi kwa amani miaka tisa kwa sababu hatukuwa na mazungumzo. Hakukuwa na ugomvi wowote. Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawaketi meza moja, hawalali chini ya paa moja, na jambo likiwa zito hupitishwa kwa mtu wa katikati. Heshima hiyo tunaiita luor. Wengi siku hizi wameilegeza, lakini yeye hakuilegeza hata kidogo. Akija kwangu Ndhiwa huketi karibu na mlango kama mtu aliyetumwa kusoma mita ya stima, anakula kidogo, anaushukuru ukuta, anaondoka. Nilimpenda kwa hilo. Sikumjua, lakini nilimpenda.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na ubaya wa kazi hiyo ni kwamba unazoea kuwa wewe ndiye mwenye maswali na majibu yote unayo tayari. Sipendi kuulizwa. Sipendi kushikwa mkono nikivuka barabara. Binti yangu, ambaye ni mtoto wangu wa pekee, husema mimi ni mkaidi, nami humjibu kwamba ukaidi ndio uliomlipia karo.

Basi mwaka huo wa tisa, mvua za kwanza zilipoanza, ugali ukaanza kunikataa. Tonge linashuka vizuri, linafika katikati ya kifua, linasimama. Nalisukuma kwa maji. Linakaa pale pale. Dada yangu mkubwa alianza hivyo hivyo: ugali ukamkataa, ukafuata wali, ukafuata uji, yakafuata maji, kisha tukamzika. Kwa hiyo jina la ugonjwa nililijua kabla ya daktari, na niliogopa mpaka nikawa natafuna chakula kikiwa kimekwisha mdomoni. Sikumwambia mtu. Kanisani, Sabato, tulipokula chakula cha pamoja, nilikuwa namegea watoto wa wenzangu samaki wangu, watu wakanisifu kwa ukarimu.

Daktari wa Ndhiwa aliniandikia barua ya kwenda Homa Bay. Huko wangenipitisha mpira wenye kamera kooni waangalie ndani, na jioni ningelala kwangu. Nikaona ni jambo la siku moja, la mtu mmoja. Nilifika hospitalini saa moja asubuhi, tumbo tupu, kitambaa changu cha kijani kichwani, nimejipanga vizuri kabisa. Nilichokuwa sijapanga ni kurudi.

"Mum, nani atakupeleka home?" aliniuliza nesi. Alikuwa msichana wa Kikuria, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Nitajipeleka. Si nimejileta?"

"Hapana Mum. Hiyo dawa ya usingizi itakuzungusha kichwa. Boda hapana, matatu hapana. Tunataka mtu mzima, wa familia, aje hapa aweke sahihi. Bila kujua huyo mtu ako njiani, daktari haanzi."

"Na kama sina mtu?"

"Basi tutakubook siku ingine."

Siku nyingine nisingerudi. Najijua. Ningerudi Ndhiwa nikaendelea kugawa samaki mpaka siku nisiyoweza kumeza mate. Nikapiga hesabu ya watu. Jirani yangu ningemwambia, lakini kabla jua halijafika utosini Ndhiwa nzima ingekuwa inanililia. Mume wangu alishatangulia. Shemeji yangu ana miaka themanini, yeye mwenyewe hupelekwa nyumbani. Nikampa nesi namba ya binti yangu. Nilijua yuko Nairobi anasahihisha mitihani ya taifa, mahali ambapo simu huzimwa asubuhi na kuwashwa jioni, na nilijua kama angepatikana kabla ya kuingia angeelewa mara moja: mama yake anataka aseme "ndiyo, nakuja", basi, kisha nijitoe mwenyewe kwa mlango wa nyuma nitafute pikipiki. Kosa langu ni kwamba nilimlea mtoto huyo asiseme uongo.

Nesi alitoka na simu, akarudi anatabasamu. "Tayari Mum. Amesema hakujua hata uko hospitali, ameshtuka sana. Lakini kijana yako anakuja kutoka Migori. Ameshatoka."

"Sina kijana," nikasema.

"Ako njiani, Mum. Fungua mdomo."

Akaninyunyizia dawa chungu kooni. Ulimi ukawa mzito kabla sijamaliza kubisha. Nilitaka kumweleza kwamba kijana wa Migori si wangu, ni mkwe, na kwamba mkwe hawezi kuja kuniona nimelala kitandani na mguu nje. Maneno yalitoka kama uji unaochemka. Nesi akaniambia nilale kwa ubavu wa kushoto na niume kitu cha plastiki. Nikaona sindano. Nikaanza kuhesabu vigae vya dari, na nadhani nilifika vinne.

Kuanzia hapo kumbukumbu yangu ni kama daftari lililonyeshewa. Najua niliamka katika chumba kingine. Najua niliuliza kama wameanza, nesi akaniambia wamekwisha, nami nikauliza tena kama wameanza. Najua daktari alisimama mbele yangu akizungusha mikono kama mtu anayeeleza ukubwa wa samaki, nami nikaitikia kwa kichwa na kusema asante sana, daktari, nimekuelewa. Sikumbuki hata neno lake moja.

Kisha nikaona kitambaa changu cha kijani. Hakikuwa kichwani mwangu. Kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa juu ya viatu vyangu, na vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa mume wa binti yangu. Alisimama mlangoni amenigeuzia ubavu, anautazama ukuta wenye picha ya namna ya kunawa mikono. Aliitazama kama anayeikariri. Nikajishika kichwa. Mvi zangu zote zilikuwa nje mbele ya mkwe wangu. Hata mganga angeniambia nimekufa, nisingeona aibu kama ile.

"Nani amemwita huyu?" nikamuuliza nesi kwa Kiswahili, eti yeye asisikie.

"Si ni kijana yako, Mum? Ameshaweka sahihi. Na wakati daktari alikuwa anakueleza, alikuwa hapo, amesikia kila kitu. Ukisahau utamuuliza."

Nikasimama kwa hasira na sakafu ikainama. Nesi akanidaka.

Gari lake ni probox, gari dogo la kubebea omena, dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay kuja sokoni Migori. Alikuwa ameliosha, nilijua kwa maji yaliyokuwa bado yanadondoka mlangoni, lakini omena haiondoki kwa maji. Nesi alinipandisha nyuma, akanifunga mkanda, akanivalisha viatu. Mkwe wangu alipoketi mbele, jambo la kwanza alilolifanya ni kukisukuma juu kile kioo cha ndani, kikatazama paa. Asinione hata kwa bahati mbaya. Tukaondoka.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo ilikuwa inakuja na kwenda, ilinasa jambo moja na kung'ang'ania. Huyu mtu anajua. Daktari amesema nina nini, na mimi nimeitikia nimekuelewa, na sikuelewa kitu, na kati ya watu wote wa dunia hii anayejua kilichomo kooni mwangu ni yule ambaye mimi na yeye hatujawahi kuambiana hata kwamba chai imepoa. Karatasi ya daktari niliiona. Ilikuwa katika mfuko wa shati lake, inachungulia. Mkono wa mama mkwe hauingii huko.

Na alikuwa kimya. Mtu mwenye habari njema hukaa kimya hivyo? Nikamtazama kisogo. Kisogo kilikuwa kigumu. Nikasema moyoni: nimekwisha, dada yangu ananisubiri. Halafu nikasahau nilichokuwa nawaza, nikatazama miwa nje, nikajiuliza kwa nini gari la mtu huyu linanuka omena na kwa nini nimo ndani yake, nikakumbuka upya, na hofu ikaanza tena kutoka mwanzo kama vile ni habari mpya. Sijui ilinijia mara ngapi. Kila mara ilikuwa ya kwanza.

"Daktari alisemaje?" nikaliuliza gari.

Gari halikujibu. Mkwe wangu alikohoa. Niliona mabega yake yakipanda. Akachukua simu, akapiga namba, akasikiliza, akaiweka. Baadaye kidogo akaipiga tena. Nilijua anamtafuta mke wake, ili amwambie yeye, naye aniambie mimi, kama inavyopasa. Lakini mke wake alikuwa Nairobi na kalamu nyekundu, simu imezimwa mpaka jioni.

Tulipofika Rodi, pale barabara ya Ndhiwa inapoachana na ile ya Rongo, akasimamisha gari. Na hapo akapanda yule mama.

Sikumbuki mlango ukifunguliwa. Nakumbuka tu kwamba aliketi karibu nami, mwanamke mzee, kikapu cha viazi vitamu mapajani, na kitambaa kichwani karibu rangi moja na changu. Alikuwa na sauti ya wale wanawake wasioogopa mtu. Nilifurahi kumwona kuliko nilivyowahi kumfurahia mgeni yeyote. Sasa tulikuwa watatu. Sasa mambo yangewezekana. Nikawaza: huyu kijana ana akili, amepakia mtu wa katikati.

Na ndivyo ilivyokwenda. Mkwe wangu akasema maneno kwa sauti ya chini, hakuyaelekeza kwangu, na yule mama akanigeukia akayarudia kwa Kijaluo safi, ijapokuwa nilikuwa nimeyasikia. Ndiyo desturi. Neno lililopita kwa mwingine limevuliwa viatu.

"Anasema, daktari ameona mahali pamebana, chini ya koo."

"Muulize kama ameona donge," nikamwambia yule mama.

"Anasema daktari hakuona donge. Ameona kidonda na kovu. Lakini hawezi kuapa."

"Kwa nini hawezi kuapa?"

"Anasema wamekata vipande vidogo sana, vinapelekwa kupimwa. Majibu ni baada ya wiki tatu. Anasema usile ugali mpaka hapo. Uji, na supu."

Nikauliza tena kama kuna donge. Akanijibu tena. Nikauliza tena. Hakuchoka. Mara ya mwisho akaongeza, "Anasema hata yeye anaogopa."

Neno hilo ndilo lililonituliza, sijui kwa nini. Nilikuwa nimeogopa peke yangu tangu mvua zianze. Nikaegemeza kichwa na kulala, na nilipofumbua macho tulikuwa uani kwangu, mke wa jirani ananishusha, na mkwe wangu amesimama mbali karibu na boma la ng'ombe, anasubiri nifike ndani ndipo aondoke. Kwenye mkeka wa mlangoni aliacha chupa ya uji wa moto. Yule mama hakuwepo. Nilifikiri ameshuka njiani.

Jioni binti yangu alipiga simu, akanigombeza kwanza, akalia baadaye, kisha akanipa maneno yale yale ya daktari. Nikamwambia nimeshayapata. Hakuniuliza kutoka kwa nani, nami nilidhani anajua.

Wiki mbili nilizikaa na uji. Mchana nilisema ni kovu, na kila kulipokucha nilisema ni ule ugonjwa wa dada yangu. Katikati ya kusubiri huko kitu kimoja kilinisumbua: sikumshukuru yule mama. Mtu amekubali kukalishwa kati ya wakwe wasiomhusu, amebeba maneno mazito ya ukoo wa watu, ameteremka na viazi vyake bila hata kikombe cha chai. Nilinunua kilo mbili za sukari nikaziweka kabatini. Binti yangu alipomaliza kusahihisha na kuja kuniona, nikampa.

"Mwambie mume wako ampelekee. Anajua alikoshukia."

"Ampelekee nani?"

"Yule mama wa viazi. Aliyempakia Rodi."

Binti yangu akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikimwambia nimepona malaria. Akatoka uani na simu. Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mama, hakukuwa na mtu. Mlikuwa wawili tu kwa gari."

"Usiniletee. Aliketi hapa." Nikapiga kochi kando yangu.

"Anasema ulimuuliza mara nyingi mpaka akashindwa kuendesha. Akasimama Rodi. Akashuka, akasimama nje kando ya dirisha lako, akakupa mgongo, akasema maneno ya daktari akiangalia barabara. Na kila alilosema, wewe ulikuwa unalirudia. Kwa sauti ya nyanya wa kijijini. 'Anasema, daktari ameona mahali pamebana.' Halafu unajiuliza tena. Anasema watu wa sokoni walikuwa wanaangalia."

Nilitafuta kikapu akilini, nikakiona wazi kabisa, viazi vyekundu vyenye udongo. Nikatafuta kitambaa, nikakiona, cha kijani, na nikashika kichwa changu mwenyewe. Aibu ilinipanda, ikafuata hasira ya kumtafuta wa kulaumiwa, nikamkosa. Mkwe wangu alikuwa amesema nami. Uso kwa kisogo, lakini alisema nami, maneno yake masikioni mwangu, mbele ya soko zima. Na mimi, nilipoona hakuna wa kukaa katikati, nilimtengeneza mtu.

"Na pale aliposema anaogopa?" nikauliza.

"Nani anaogopa?"

"Mume wako. Alisema hata yeye anaogopa."

"Hilo hakuniambia," akasema binti yangu.

Kwa hiyo hilo sijui mpaka leo. Labda alilisema na hakutaka mke wake alijue. Labda lilikuwa langu, yule mama akalitia katika kinywa chake ili nisiwe peke yangu. Sukari tuliinywa kwenye chai, binti yangu na mimi, na kila tukitazamana tulicheka mpaka kifua kikaniuma pale pale panapobana.

Siku ya majibu haikuwa na sindano wala usingizi. Ningeweza kwenda na kurudi peke yangu, hakuna nesi ambaye angenidai mtu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia gari getini. Kioo cha ndani kilikuwa kimeshasukumwa juu. Nikapanda nyuma bila kusema kitu, naye hakusema kitu, tukaenda hivyo mpaka Homa Bay.

Yeye alibaki kwenye benchi la nje. Nikaingia peke yangu, akili timamu, miwani machoni, na mara hii nilimsikiliza daktari mpaka neno la mwisho nikamrudisha mwanzo arudie. Nilipotoka, mkwe wangu alisimama. Alitazama viatu vyangu. Hakuuliza. Hangeweza kuuliza. Alitangulia kwenye gari akanifungulia mlango.

Nilikuwa nimekusudia kungoja tufike nyumbani, nimpigie binti yangu, naye ampigie yeye. Ndiyo njia. Nilikaa na habari yangu mapajani kama kikapu, nikitazama kisogo kile kigumu, na kwa mara ya kwanza nikajua lazima kilikuwa hivyo siku ile pia, si kwa sababu ya habari mbaya, ni kwa kuwa mtu amebeba kitu na hana pa kukiweka. Tukapita miwa. Tukapanda kilima. Kwenye njia panda ya Rodi akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka wauza ndizi wakaanza kutukimbilia. Hakugeuka. Aliongea na kioo cha mbele.

"Mama," akasema, "yule mwenye kikapu, tumpakie?"

Miaka tisa, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu nikiwa macho.

"Mwache leo," nikasema. "Nitakwambia mwenyewe. Si ule ugonjwa. Ni kovu tu, watalipanua."

Akaendesha hatua chache, akasimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akasimama akinipa mgongo, mikono kichwani. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilimngoja, sikumharakisha. Nilinunua ndizi dirishani, nikamenya moja, nikaanza kula.